Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Kuagiza na Kumiliki Gari la Usukani wa Kulia Nchini Marekani

Kwa mtu aliyejifunzia udereva Dar es Salaam, Nairobi au Kampala, gari lenye usukani wa kulia ndilo gari la kawaida, na lile la kushoto ndilo geni. Akihamia Marekani, ambako magari hupita upande wa kulia wa barabara na dereva hukaa kushoto, huzoea katika wiki chache. Hata hivyo wapo wengi ambao, baada ya miaka kadhaa ya kuendesha magari ya huku, huanza kuulizia Mark II, HiAce ya dizeli au kirikuu (kile kipikapu kidogo cha Kijapani), yaani magari ambayo watengenezaji wa Kijapani hawakuwahi kuyauza Marekani katika umbo hilo. Majibu yanayofuata yameandikwa kwa ajili yao. Karibu kila jibu linarudi kwenye jambo moja: serikali ya Marekani haijali sana usukani umekaa upande gani, inachojali ni gari lina umri gani na karatasi zake zinasema nini.

Je, ni halali kuendesha gari la usukani wa kulia Marekani?

Ndiyo. Hakuna sheria ya serikali kuu inayokataza usukani wa kulia, na Wamarekani wenyewe huyaona magari ya namna hiyo kila siku bila kuyatia maanani, kwa sababu gari linalowaletea barua lina usukani wa kulia. Magari ya posta aina ya Grumman LLV, yaliyotengenezwa kati ya 1987 na 1994 kwa idadi inayozidi 140,000, yalipangwa hivyo makusudi ili mpeleka barua afikie sanduku lililo ukingoni mwa barabara bila kushuka. Wapeleka barua wa vijijini, ambao wengi hutumia magari yao binafsi, kwa miaka mingi wamekuwa wakinunua Jeep zenye usukani wa kulia zilizotengenezwa Marekani kwa kazi hiyo, na siku hizi baadhi yao huagiza magari kutoka Japani. Leseni ya udereva ni ile ile ya kila mtu.

Kama upande wa usukani si tatizo, kwa nini siwezi kuagiza gari la mwaka 2018 kutoka Japani kama ndugu zangu walioko Tanzania?

Kwa sababu gari lolote linaloingia Marekani lazima liwe limetengenezwa kwa viwango vya usalama vya Marekani, ambavyo msingi wake ni sheria ya mwaka 1966. Gari lililotengenezwa kwa ajili ya soko la Japani linaweza kuwa zuri na salama, lakini mtengenezaji hakulithibitisha kwa viwango hivyo, na bila uthibitisho huo forodha hulihesabu kuwa halifai barabarani. Katika miaka ya 1980 watu wengi waliagiza magari ya Kijerumani moja kwa moja kutoka Ulaya, wakayarekebisha kidogo na kuyauza kwa bei iliyowaudhi mawakala rasmi. Bunge likatunga sheria ya mwaka 1988 iliyoubana mlango huo. Tangu hapo, gari lisilokidhi viwango huweza kuingizwa tu na mwagizaji aliyesajiliwa na serikali, ambaye hulirekebisha na kuthibitisha kwamba linakidhi. Gharama yake ni kubwa kiasi kwamba kwa gari la kawaida haina maana yoyote.

Sheria hiyo hiyo ikaacha mwanya mmoja: gari lililotimiza miaka 25 haliulizwi tena kuhusu viwango vya usalama. Shirika la Kulinda Mazingira, EPA, lina hesabu yake ya moshi, nayo ni miaka 21, kwa sharti kwamba injini iwe ile ya awali au inayolingana nayo. Kwa kuwa lazima upite kwenye milango yote miwili, unaotawala ni ule wa miaka 25.

Miaka 25 huhesabiwa tangu lini?

Tangu mwezi gari lilipotoka kiwandani. Hapa ndipo watu wetu hukosea, kwa sababu wamezoea utaratibu wa Kenya, ambako umri huhesabiwa kwa mwaka wa usajili wa kwanza. Hati ya Kijapani nayo huonyesha mwezi wa usajili wa kwanza, ambao unaweza kuwa umechelewa kwa miezi kadhaa baada ya utengenezaji. Kuchelewa huko hakukudhuru, kwa sababu gari ni kuukuu kuliko hati inavyodai. Kinachodhuru ni kununua kwa kufuata mwaka wa modeli pekee. Nissan Skyline GT-R ya toleo la R34, kwa mfano, ilianza kutoka kiwandani Januari 1999, na kwa hiyo zile za mwanzo kabisa ziliruhusiwa Januari 2024, ilhali ile iliyotengenezwa Novemba ya mwaka huo ililazimika kusubiri hadi Novemba 2024. Walioharakisha meli walijikuta na gari bandarini ambalo lilikuwa bado halijatimiza umri.

Ni magari gani tunayoyajua nyumbani ambayo yameshafikia umri huo?

Ni mengi kuliko watu wanavyodhani. Harrier ya kwanza ilitoka Desemba 1997 na Vitz ya kwanza ilitoka Januari 1999, na Mark II za miaka ya 1990 ambazo zilijaa Dar es Salaam zote zimepita. Mark X, iliyoanza Novemba 2004, ina muda wa kusubiri hadi 2029. Ama Probox, gari ambalo Mkenya haliongelei bila kutabasamu, la kwanza lilitoka Julai 2002, hivyo lile la mwezi huo huo linatimiza umri wake Julai 2027.

Ushauri wangu, ambao si kila mtu anaupenda, ni kwamba usiagize gari ambalo ndugu yake wa usukani wa kushoto amejaa Marekani. Harrier ya zamani ni Lexus RX ya huku. RAV4 ni RAV4. Kusafirisha gari kuvuka bahari ya Pasifiki ili tu ukae kiti cha kulia ni kulipia nostalgia kwa dola. Agiza kile ambacho Marekani haina: HiAce, Mitsubishi Delica ya dizeli, Mark II na Chaser, kirikuu, Land Cruiser za dizeli zilizouzwa Japani.

Gari hununuliwa wapi, na karatasi ya mnada husomwaje?

Mengi hununuliwa katika minada ile ile ya Japani inayolisha Mombasa na Dar es Salaam. Mnunuzi wa kawaida haruhusiwi kuingia mnadani mwenyewe. Hupitia kwa wakala mwenye uanachama, ambaye humpelekea karatasi ya ukaguzi yenye daraja la gari na mchoro wa bodi. Daraja la 4 na 4.5 ni gari zuri, 3.5 na 3 ni gari lenye alama za matumizi, na R au RA maana yake gari limewahi kugongwa na kutengenezwa katika sehemu za muundo wake. Katika mchoro, A ni mkwaruzo, U ni bonyeo, W ni sehemu iliyonyooshwa na kupakwa rangi, S ni kutu, C ni kutu iliyokwisha kula bati, na XX ni paneli iliyobadilishwa. Namba inayofuata herufi huonyesha ukubwa wa kasoro.

Kwa mtu anayeagiza gari la miaka 25, herufi za kuogopa kuliko zote ni S na C. Mkwaruzo unaonekana na bonyeo linanyooshwa, lakini kutu ya chini ya gari lililoishi Hokkaido au pwani ya Bahari ya Japani, ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji, huwa imekula mahali ambapo picha haifiki. Muulize wakala mkoa ambamo gari lilisajiliwa, na umwombe picha za chini: mihimili ya chesesi, sehemu za kushikia springi za nyuma, na kingo za ndani za matao ya matairi. Wakala anayekwambia kwamba picha hizo haziwezekani amekwisha kukujibu. Mimi mwenyewe niliwahi kukubali picha nane nzuri za juu, nikapokea pikapu ambayo bati la sakafu upande wa abiria lilikuwa limefunikwa kwa zulia jipya kabisa. Zulia jipya katika gari la mwaka 1996 lilipaswa kunitosha kama onyo.

Soma pia maandishi ya mkono yaliyo pembeni mwa karatasi, au umlipe mtu ayatafsiri. Mkaguzi wa mnada huandika pale mambo ambayo daraja halisemi: gia inayochelewa kuingia, moshi, sauti ya injini, au kwamba kilomita zilizo kwenye dashibodi haziaminiki.

Nyaraka zipi zinahitajika, na nani hushughulika nazo?

Kutoka Japani unahitaji hati ya kufutwa kwa usajili kwa ajili ya kusafirishwa nje, pamoja na tafsiri yake ya Kiingereza, ankara ya mauzo na hati ya shehena ya meli. Hati ya kufutwa kwa usajili ndiyo itakayokuwa mama wa hati zako zote za umiliki huku, hivyo hakikisha unapokea nakala halisi, si picha ya simu.

Upande wa Marekani, tamko la kwanza hufanywa kabla gari halijagusa maji. Taarifa za usalama wa shehena lazima ziwasilishwe forodhani saa 24 kabla ya kontena kupakiwa melini huko Japani, na faini ya kuchelewa au kukosea inaweza kufika dola 5,000, pesa ambayo kwa baadhi ya magari ni zaidi ya bei yake. Gari likifika, hujazwa fomu HS-7 ya Wizara ya Uchukuzi, ambamo unatia alama kwenye kisanduku kinachosema gari lina miaka 25 au zaidi. Fomu 3520-1 ya EPA. Na fomu 7501 ya forodha, ambayo ndiyo hesabu ya ushuru. Tunza nakala zilizogongwa muhuri za fomu zote tatu maisha yote ya gari. Ofisi ya usajili ya jimbo itazidai, na mtu utakayemuuzia miaka kumi baadaye atazidai pia.

Sheria inakuruhusu kufanya kazi hii mwenyewe, na wapo wanaoifanya wakiwa karibu na bandari kama Tacoma, Long Beach, Baltimore au Brunswick. Kwa gari la kwanza mimi ningemlipa wakala wa forodha. Gari lililokwama bandarini baada ya siku za bure kuisha hulipiwa hifadhi kila siku, na hesabu hiyo haisubiri mtu ajifunze.

Ushuru ni kiasi gani?

Kwa mtu aliyezoea Afrika Mashariki, jibu hili huwa habari njema. Gari dogo la abiria hutozwa asilimia 2.5 kama kiwango cha msingi, na asilimia hiyo huhesabiwa kwa bei ya gari lilipokuwa Japani, bila nauli ya meli wala bima, tofauti na kwetu ambako nauli na bima huongezwa kwanza kisha ndipo ushuru hupigwa juu ya jumla. Gari la dola 8,000 hutozwa hivyo dola 200, pamoja na ada ndogo za forodha na bandari. Kodi ya mauzo ya jimbo hulipwa baadaye wakati wa usajili.

Pikapu na malori ni habari nyingine. Hayo hutozwa asilimia 25, kwa hiyo pikapu ya bei ile ile ya dola 8,000 italipiwa dola 2,000. Kiwango hicho kina historia ya ajabu: kiliwekwa mapema miaka ya 1960, wakati wa Rais Johnson, kulipiza kisasi kwa nchi za Ulaya zilizopandisha ushuru wa kuku wa Marekani. Ugomvi wa kuku ulikwisha zamani, ushuru wa pikapu ukabaki.

Tangu 2025 kumekuwa na ushuru wa nyongeza juu ya bidhaa nyingi kutoka nje. Amri iliyoanza Aprili mwaka huo, ya kuongeza asilimia 25 kwa magari, iliyaacha nje magari yaliyotimiza miaka 25, lakini amri nyingine zimekuwa zikitolewa na kubadilishwa kwa kasi. Mwombe wakala wa forodha hesabu ya maandishi ya wiki ile ambayo meli inatarajiwa kufika, na usitegemee hesabu aliyofanyiwa rafiki yako mwaka jana.

Je, kirikuu inaruhusiwa?

Suzuki Carry, Daihatsu Hijet, Honda Acty na Subaru Sambar, ambazo Watanzania huziita kirikuu, huingia Marekani kwa kanuni ile ile ya miaka 25. Tatizo lake liko kwenye majimbo. Kirikuu ina injini isiyozidi sentimita za ujazo 660, na hata yale matoleo yaliyopanuliwa mwaka 1998 hayazidi urefu wa mita 3.4 wala upana wa mita 1.48. Maofisa wa baadhi ya majimbo huiona kuwa ni chombo cha shambani na hukataa kuipa namba za barabarani, na yapo majimbo yaliyowahi kufuta usajili ambao yenyewe yalikwisha kuutoa. Wenye magari wamepigana: Texas ilikubali kuyasajili mwaka 2024 baada ya malalamiko ya wamiliki, na Massachusetts mwaka huo huo ilirudi nyuma baada ya kuanza kuyakataa. Majimbo mengine huruhusu kwa sharti la kutopita barabara kuu za mwendo kasi. Sharti hilo mimi sioni ubaya wake, kwa sababu mtu aliyekwisha kuendesha kirikuu kilomita 100 kwa saa pembeni ya lori la magurudumu 18 anajua upepo wake.

Nikishalipitisha forodhani, jimbo linaweza kulikataa?

Linaweza. Serikali kuu hukuruhusu kuliingiza. Jimbo ndilo hukuruhusu kuliendesha. Hivyo piga simu ofisi ya usajili ya jimbo lako kabla ya kununua, si baada, na ukipata jibu zuri liombe kwa maandishi. California ndiyo ngumu kuliko zote: gari la petroli lililoagizwa moja kwa moja, isipokuwa lile la 1975 au la zamani zaidi, lazima lipitie maabara iliyoidhinishwa, lirekebishwe hadi likidhi viwango vya moshi vya jimbo, na gharama yake huenda kwa maelfu ya dola. Wanaoishi huko hununua magari ambayo tayari yamepitishwa na kupewa hati za jimbo.

Kikwazo kingine cha kila jimbo ni namba ya chesesi. Kompyuta za Marekani hutarajia namba ya herufi na tarakimu 17. Gari la Kijapani lina namba fupi, kwa mfano herufi za modeli, kistari, kisha tarakimu chache. Karani asiyewahi kuliona gari la namna hiyo atasema namba imekosewa. Nenda na fomu HS-7, uwe mpole, na ikibidi umwombe msimamizi wake. Utaratibu wa kuingiza namba fupi upo, ila si kila karani anaujua.

Bima hupatikana?

Hupatikana, lakini mara nyingi si kwa kampuni inayokatia bima gari lako la kila siku, kwa sababu ya namba ile ile ya chesesi. Wamiliki wengi huenda kwa kampuni za bima ya magari ya kale, kama Hagerty, ambako thamani ya gari hukubaliwa mapema na kuandikwa katika mkataba. Bima ya aina hii kwa kawaida huja na masharti: uwe na gari jingine la kazini, gari hili lilale gerejini, na kilomita za mwaka ziwe na kikomo. Anayetaka HiAce yake iwe gari pekee la familia aanze na swali la bima kabla ya swali la mnada.

Je, kuendesha upande wa kulia wa barabara ukiwa umekaa kulia ni hatari?

Hatari yake ni ya kweli, na wanaoipuuza hawajawahi kuipima. Kampuni ya bima ya umma ya British Columbia nchini Kanada, jimbo lililopokea magari mengi ya Kijapani, ilichunguza madai yake yenyewe na kukuta kwamba magari ya usukani wa kulia yalihusika katika ajali kwa zaidi ya asilimia 40 kuliko magari ya kushoto yanayofanana nayo.

Wasomaji waliotoka Bujumbura, Goma au Bukavu hawahitaji kuelezwa sababu, kwa kuwa huko pia magari hupita kulia na mengi yana usukani wa kulia. Kazi ngumu ni kulipita gari jingine kwenye barabara ya njia mbili. Dereva amekaa upande wa ukingoni. Ili aone kama mbele kuna gari linalokuja, lazima karibu bodi nzima ya gari lake itokeze kwenye njia ya wengine. Kule nyumbani kwetu Maziwa Makuu, abiria wa mbele hufanya kazi ya macho: “Bado, bado, sasa nenda.” Huku mara nyingi uko peke yako. Kaa nyuma zaidi ya lori kuliko ulivyozoea, ili pembe ya kuona ipanuke, na kama huoni, usipite.

Kona ya kushoto katika makutano ndiyo ya pili. Gari lililo mkabala nawe, nalo likisubiri kukata kushoto, hukuzibia njia ambayo magari ya moja kwa moja yanatokea, na wewe uliye kulia huoni mapema kama angeona dereva wa kushoto. Ya tatu ni kuhamia njia ya kushoto kwenye barabara kuu, kwa sababu sehemu isiyoonekana iko mbali nawe kwa upana wote wa gari. Kioo chenye mbinuko kikibandikwa juu ya kioo cha pembeni cha kushoto, na kamera ndogo mbele kushoto, husaidia kwa pesa kidogo.

Mengine ni usumbufu tu. Dirisha la kuchukulia chakula ukiwa ndani ya gari liko upande wa abiria, na mashine ya tiketi ya maegesho pia. Baadhi yetu hubeba koleo ndefu ya jikoni kwa ajili hiyo. Polisi akikusimamisha atamwendea aliyekaa kushoto. Binti yangu, akiwa na miaka kumi na miwili, aliwahi kusoma kitabu kwenye kiti hicho tangu nyumbani hadi sokoni, na nyuso za watu kwenye taa nyekundu sitazisahau.

Kuna marekebisho ya lazima?

Taa za mbele. Gari lililotengenezwa kwa nchi inayopita kushoto huinamisha mwanga wake kuelekea ukingo wa kushoto, na ukiliendesha upande wa kulia mwanga huo humwangukia machoni dereva anayekuja. Kwa modeli zilizowahi kuuzwa na usukani wa kushoto popote duniani, tafuta taa za toleo hilo. Kwa zisizowahi, fundi wa taa hutafuta taa nyingine inayoingia. Kuzishusha tu ni kujinyima mwanga bila kumaliza tatizo.

Dashibodi hubaki ya kilomita, na ni juu yako kujua kwamba maili 65 ni kama kilomita 105. Redio ya Kijapani hushika masafa ya megahezi 76 hadi 90, ilhali stesheni za Marekani ziko kati ya 88 na 108, jambo ambalo kila aliyenunua gari Nairobi au Dar es Salaam amekutana nalo. Yule mwanamke anayezungumza Kijapani ukiwasha gari naye yupo. Hakusalimu, anakukumbusha kwamba kadi ya kulipia barabara haijachomekwa. Kifaa chake huchomolewa kwa dakika tano.

Vipuri na mafundi vinapatikana?

Injini nyingi za Toyota na Nissan zina ndugu zake Marekani, hivyo chujio, breki na mikanda si shida. Shida huwa kioo cha mbele, taa, milango, na vitu vya ndani vilivyotengenezwa kwa usukani wa kulia tu, kama raki ya usukani (steering rack) na dashibodi. Kioo cha mbele kikipasuka, unaweza kusubiri wiki kadhaa kitoke ng'ambo. Hapa wewe una mlango ambao Mmarekani hana: shemeji aliye karibu na Gerezani, Dar es Salaam, au binamu anayepita Kirinyaga Road, Nairobi, anaweza kukipata kipuri cha Mark II mchana mmoja na kukipa kwa mtu anayesafiri. Mpe namba ya chesesi, si jina la gari, kwa sababu jina moja lina matoleo mengi.

Gereji kubwa nyingi hukataa gari ambalo kompyuta yao hailitambui. Tafuta fundi mdogo mwenye uzoefu wa magari ya zamani, umpe kitabu cha ufundi, na umwambie abadilishe mkanda wa taimingi, maji yote na matairi kabla hujaanza safari ndefu, hata kama muuzaji ameapa kwamba yote ni mapya.

Nimepata gari la usukani wa kulia lenye miaka 18, tayari lina namba za jimbo. Si ni salama?

La, si salama. Namba za jimbo hazihalalishi gari lililoingizwa kinyume cha sheria ya serikali kuu, na mwenye hasara huwa aliyelishika mwisho. Mwaka 2013 forodha ya Marekani ilisaga hadharani Land Rover Defender iliyoingizwa kwa namba ya chesesi ya kughushi, na mwaka uliofuata maofisa walikamata Defender 40 kutoka kwa wamiliki katika majimbo mbalimbali kabla ya baadhi yao kurudishiwa mahakamani. Muuzaji akikosa fomu HS-7 na 7501, mshukuru kwa muda wake uondoke. Tahadhari hiyo inahusu pia magari ya Kanada, ambako kikomo ni miaka 15: gari halali Windsor lenye miaka 17 si halali Detroit, ng'ambo ya mto.

Naweza kuleta gari langu mwenyewe kutoka Dar es Salaam au Mombasa?

Kama limetimiza miaka 25, unaweza kwa utaratibu ule ule. Lioshwe chini hadi lisibaki na udongo hata kidogo, kwa sababu mamlaka ya kilimo ya Marekani hairuhusu udongo wa nje na gari linaweza kurudishwa kwa tope tu. Mgeni asiye mkazi anaweza kuja na gari changa kwa matumizi yake kwa muda usiozidi mwaka mmoja, mradi aliondoe tena, haruhusiwi kuliuza.

Nikihamia nyumbani, naweza kurudi nalo?

Usukani utakuwa upande sahihi, lakini umri utakuwa umegeuka dhidi yako. Kenya haipokei gari lililotumika lenye zaidi ya miaka 8, na Uganda ilipiga marufuku tangu 2018 yale yanayozidi miaka 15. Tanzania haikatazi, ila gari dogo la abiria lenye zaidi ya miaka 10 hutozwa ushuru wa ziada wa uchakavu wa asilimia 30 juu ya kodi nyingine, zote zikihesabiwa pamoja na nauli ya meli. Wengi wanaohama huliuza huku kabla ya kuondoka, na mwenye fomu zake zote kamili kwa kawaida hapati shida kumpata mnunuzi.